Safari ya Narborough

Mwanangu hakunielewa kabisa. "Mama, umetoka Mwanza mpaka huku Uingereza, siku zenyewe za kukaa ni wiki tatu, halafu unataka kwenda kijijini walikouawa mabinti?" Yeye alikuwa amenipangia kasri la Warwick na maduka. Nikamwambia nitakwenda peke yangu, treni ninaijua, na Kiingereza cha kuulizia njia kinanitosha.

Nilifanya kazi masijala ya mahakama miaka 26 hadi nilipostaafu. Majalada ya mauaji yalipita mikononi mwangu mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na katika mengi yao karatasi nzito kuliko zote ilikuwa maelezo ya onyo: kurasa mbili tatu za mtu kukiri, na dole gumba chini yake. Jalada moja lilikuwa la kijana mpagazi wa stendi. Kule polisi kijana alikiri, mahakamani akakana, akasema alipigwa. Ikasikilizwa kesi ndogo ndani ya kesi, jaji akayakataa maelezo yale, na upande wa mashtaka haukubaki na kitu zaidi ya shati lenye madoa. Kijana akaachiwa, wakati huo ameshakaa mahabusu miaka minne. Mama wa marehemu alikaa kwenye benchi la nje siku ile mpaka tukafunga ofisi. Hadi leo hakuna anayejua kama aliachiwa mwuaji, au aliteseka bure mtu asiye na hatia. Basi mwanangu alipopata kazi Leicester na kuniita nije kumwona, nilijua nitakwenda wapi: Narborough, kijiji cha karibu, ambako kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kilitumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji.

Nilianza na chuo kikuu, siku mbili kabla ya safari ya kijijini. Unakatiza bustani ya Victoria Park, unalipita tao kubwa la kumbukumbu ya vita, na chuo kiko pale pale pembeni. Kilianzishwa mwaka 1921 kuwa ukumbusho wa waliokufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na kaulimbiu yake ya Kilatini imetoka katika Injili ya Yohana: ili wawe na uzima. Jengo lake la zamani, la matofali, lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili kabla ya kuwa chuo. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Katika idara ya jenetiki ya chuo hicho, asubuhi ya Jumatatu tarehe 10 Septemba 1984, saa tatu na dakika tano, mwanasayansi Alec Jeffreys alitoa filamu ya eksirei kwenye dawa ya kusafishia picha. Hakuwa akitafuta wauaji. Alikuwa akichunguza vipande vya vinasaba vinavyojirudiarudia, kazi iliyotokana na jeni moja aliyoichunguza kwa mnyama wa baharini aitwaye sili. Kwenye filamu kulikuwa na sampuli za fundi wa maabara yake, za baba na mama wa fundi huyo, na za wanyama kadhaa. Ilikuwa na ukungu, lakini alichokiona kilimtosha: kila mmoja alikuwa na safu yake ya mistari myeusi, mfano wa ile iliyochapwa nyuma ya pakiti ya sukari, na mistari ya mtoto yote ilipatikana ama kwa mama ama kwa baba.

Kuipata mistari hiyo kulikuwa kazi ya siku nyingi. Vinasaba vinatolewa kwenye damu, vinakatwa kwa vimeng'enya, vinapitishwa kwenye jeli kwa umeme ili vipande vifupi vitangulie na virefu vibaki nyuma, vinahamishiwa kwenye utando, vinawekewa alama yenye mionzi, kisha filamu ya eksirei inalazwa juu yake na watu wanasubiri.

Kwetu ukitaja kipimo cha DNA, mtu anafikiri kwanza mtoto ni wa nani. Ndivyo kilivyoanza kweli. Mwaka 1985 kilitumika kwa mara ya kwanza kwenye shauri la mvulana wa familia yenye asili ya Ghana, ambaye maofisa wa uhamiaji walitilia shaka kwamba ni mtoto wa mama aliyedai kumzaa. Mistari ikaonyesha ni wake, akabaki naye.

Siku ya Narborough kulikuwa na manyunyu. Treni iendayo Birmingham ilitoka Leicester, ikasimama South Wigston, halafu Narborough. Ni safari fupi hata chai ya chupa haipoi. Kituo ni kidogo na barabara inakatiza reli pale pale. Tuliposhuka vizuizi vilikuwa bado vimelala, magari yamepanga foleni pande zote mbili. Ng'ambo ya reli ni Littlethorpe. Enderby iko upande mwingine. Vijiji hivi vitatu vimekaribiana mno, unaweza kuvizungukia kwa miguu asubuhi moja, na jambo hilo kwenye karatasi sikuwa nimelielewa. Nilikuwa nikidhani ni eneo kubwa.

Lynda Mann alikuwa na miaka 15. Aliuawa tarehe 21 Novemba 1983, kwenye kinjia cha miguu kiitwacho Black Pad, kilichopita kando ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Carlton Hayes. Dawn Ashworth naye alikuwa na miaka 15. Aliuawa tarehe 31 Julai 1986, karibu na njia ya Ten Pound Lane, baina ya Narborough na Enderby. Wote wawili walibakwa, wakanyongwa. Sikumuuliza mtu yeyote mahali penyewe palipo. Niliona si adabu mgeni kusimamisha watu njiani na kuwakumbusha msiba wao. Nilitembea, nikapita kanisa la All Saints, nikasikia mngurumo wa barabara kuu ya M1 kwa mbali, na nilipokutana na wasichana wawili wa shule wamevaa sweta, wanacheka, nilisogea ukingoni wapite.

Ile hospitali ya Carlton Hayes ndiyo iliyowapokea wagonjwa waliohamishwa kutoka jengo lile la matofali la Leicester, mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikotoka pakaja kuwa chuo, na walikohamia ndiko polisi walikoelekeza macho tangu mwanzo. Baada ya kifo cha Dawn walimkamata kijana wa miaka 17, msaidizi wa jikoni wa hospitali hiyo, mzito wa kuelewa mambo. Akakiri kumuua Dawn. Akakataa la Lynda. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, zamani, niliona dole gumba.

Ofisa aliyeongoza upelelezi, David Baker, aliamini mkono ni mmoja. Kwa hiyo akamwomba Jeffreys alinganishe damu ya kijana na mbegu za kiume zilizochukuliwa kwenye miili ya mabinti, ili amhusishe na la kwanza pia. Majibu yakaja: mkono ni mmoja kweli, lakini si wa kijana huyo. Jeffreys mwenyewe alidhani kipimo kimeharibika, akarudia. Ikawa vile vile. Novemba 1986 kijana akaachiwa huru. Kazi ya kwanza ya vinasaba katika kesi ya mauaji, basi, ilikuwa kumtoa mtu aliyekwisha kukiri.

Watu huwa wanasimulia maabara. Mimi nilikuwa nafikiria kabati. Lynda alikufa 1983, na filamu ya Jeffreys ni ya 1984. Zile mbegu za kiume zilichukuliwa kwenye mwili wake kabla hakijakuwepo kipimo hicho popote duniani. Wakati huo zilipimwa kundi la damu tu. Lakini kuna mtu aliyeandika lebo, akafunga, akaweka mahali, na baada ya miaka mitatu mwingine akaenda akakuta kielelezo kipo na kinafaa. Karani wa namna hiyo hatajwi popote. Mimi namheshimu sawa na profesa.

Januari 1987 polisi wakatangaza kuwaomba wanaume wa vijiji hivi vitatu, wenye miaka 17 hadi 34, wajitolee damu na mate. Walipimwa zaidi ya 5,000. Kwanza wakachujwa kwa kundi la damu, na waliobaki wakapelekwa kwenye vinasaba. Hakupatikana hata mmoja. Fikiria hofu ya kina mama wa hapo miezi ile, kila mlango umeshatoa damu na bado mtu huyo anaishi katikati yao.

Jina lake Colin Pitchfork, mwoka mikate wa Littlethorpe, mwenye mke na watoto. Alimshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa niaba yake, akabandika picha ya mwenzake huyo kwenye pasipoti yake mwenyewe. Agosti 1987 mwenzake huyo akalisema jambo hilo baa, mbele ya watu wa kazini. Mwanamke mmoja aliyesikia alikaa nalo majuma kadhaa, kisha akaenda polisi. Tarehe 19 Septemba Pitchfork akakamatwa. Vinasaba vikalingana. Tarehe 22 Januari 1988, katika mahakama ya Leicester, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa Septemba 2021, na kabla mwaka haujaisha akarudishwa gerezani kwa kukiuka masharti.

Nilirudi Leicester jioni nimelowa. Barabara ya Melton Road imejaa maduka ya Wahindi, wengi wao familia zilizotoka kwetu Afrika Mashariki, na vibao vyao vimeandikwa "mogo", maana muhogo umehama nao mpaka huku. Nilikuwa nimeshazoeana na mzee mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Mwanza, aliyeondoka baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba dada. Umeloa hivyo, umetoka wapi?"

Akanisogezea kiti karibu na hita, akaleta sahani ya muhogo wa kukaanga na pilipili ya ndimu, na chai ya maziwa kwenye kikombe kizito. Nikamweleza. Alikuwa anaikumbuka vizuri. Alisema mwaka ule binti zake hawakuruhusiwa kutoka baada ya giza kuingia, hata kwa jirani. Kisha nikajikuta namsimulia na yule mpagazi wa stendi, kitu ambacho hata mwanangu sijapata kumsimulia chote.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akafuta meza kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Na lile shati, dada? Si siku hizi lingepimwa? Liko wapi?"

Nikamwambia kesi ilipokwisha ilitoka amri ya kuteketeza vielelezo. Lilikuwa kwenye gunia chini ya dirisha linalovuja, limeota ukungu. Lilichomwa nyuma ya ofisi pamoja na mapanga na nguo nyingine. Aliyeandika kwenye daftari kwamba limeteketezwa, tarehe na saini, ni mimi.