Rula ya shilingi nane

Nyote mlioniambia "data zako chafu" nilipouliza kwa nini JavaScript, lugha ninayoandikia ukurasa wa wavuti, inanibadilishia bei, salamu zenu. Mmenimalizia bando la siku tatu bure.

Mjomba ana duka la vifaa vya shule Kariakoo. Mwezi wa 12 ulipoingia, akataka ukurasa wa bei ili wateja wa mikoani wapunguze kumpigia simu. Nikajitia najua. Bei zenyewe kaziandika kwenye simu kidukani hivi: daftari kubwa 1500/=, kalamu 500/=, rula 1000/=, gundi 2000/=. Hayo ni maandishi, na mimi nataka namba. Jamaa mmoja akanicheka kwa kuandika lupu ya kupitia bei moja moja: tumia map, unaikabidhi fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake), inapita kwa kila kitu kwenye orodha na kukurudishia orodha mpya. Hilo ni kweli. Nikaandika bei.map(parseInt), parseInt ikiwa ndiyo fanksheni ya kugeuza maandishi kuwa namba, nikajiona fundi, nikarusha hewani bila hata kuangalia.

Asubuhi simu ya mjomba. "Mjomba, rula shilingi nane? Bei hiyo ni ya enzi za Mwalimu!" Daftari 1500, sawa. Kalamu NaN, yaani "si namba", mjomba akadhani ndiyo kampuni inayozitengeneza. Gundi 54. Na mteja wa Morogoro keshaagiza rula dazani kumi, jumla shilingi 960.

Ndipo ushauri ukamiminika. Toa ile mikia ya /=, futa nafasi, andika upya kwa mkono. Nilifanya yote. Rula nane vilevile. Usiku wa tatu, kwa hasira tu, nikaipandisha rula juu ya orodha: ikawa 1000, na daftari lililoshuka nafasi ya pili likawa NaN! Kumbe abiria hana kosa, kiti ndicho kibovu.

Hapo nikafanya kitu ambacho bado najisifia. Nikarudisha mpangilio wa awali, nikatoa parseInt na mahali pake nikaweka console.log, inayoonyesha chochote inachopewa, nione map inakabidhi nini hasa. Inakabidhi vitu vitatu: bei, nafasi yake kuanzia sifuri, na orodha nzima. Sasa parseInt ikipewa kitu cha pili, inaelewa umeiambia ihesabu kwa ngapi, badala ya kumikumi tuliyoizoea. Rula, nafasi ya 2, ikasomwa kwa mbilimbili: 1000 ni nane. Gundi kwa tatutatu: 27 mara mbili, 54. Kalamu ikapewa 1, hesabu isiyokuwepo, ikagoma. Daftari likapona kwa sababu sifuri inachukuliwa kama hujasema kitu.

Dawa: bei.map(b => parseInt(b, 10)), yaani kila bei isomwe kwa kumikumi, nafasi yoyote iliyopo. Wapo watakaokwambia utumie Number, fanksheni nyingine ya kugeuza maandishi kuwa namba. Jaribu kuipa 1500/= uone, nayo itakupa NaN.

Mteja wa Morogoro kaelewa, baada ya maneno. Malipo yangu yalikuwa soda na rula moja, ambayo mjomba kaiandika kwenye daftari la madeni: shilingi nane.