Ulanzi una vipimo vingapi?

Dodoso la unywaji pombe ninalotumia kuwahoji wanafunzi wa vyuo hapa Iringa linaitwa AUDIT. Ni la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama kuanzia 0 hadi 40, na ukifikisha 8 unywaji wako unahesabiwa kuwa umeingia kwenye hatari. Nalipenda kwa sababu halimsimangi mtu. Ila swali la pili hunikwamisha kila msimu wa mvua: siku unayokunywa, unakunywa vipimo vingapi?

Kipimo kimoja ni gramu 10 za pombe halisi. Kwenye bia hakuna shida. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo kijana anayeniambia "mbili tu, dada" ana vipimo vinne. Pombe kali ya asilimia 35, kichupa cha mililita 200, inapita vipimo vitano, naye ataniambia kanywa "moja".

Ulanzi je, pombe yetu ya mianzi inayogemwa msimu wa mvua? Ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu, unashuka kama juisi. Ukilala unazidi kuchachuka mpaka unakuwa mkangafu, na huo unaangusha mtu mzima. Jagi ni lile lile! Halafu pale geto Kihesa jagi lenyewe linazunguka watu wanne, na kila mmoja anaapa kwamba yeye alionja tu.

Kwa hiyo huwa nauliza zaidi ya karatasi inavyotaka: chombo gani, mlikuwa wangapi, uligemwa lini, mtogwa au mkangafu. Mahojiano yanarefuka, wanaosubiri takwimu wananung'unika. Waache wanung'unike. Ukiandika "glasi mbili" bila kuuliza ulanzi ulikuwa wa lini, hujapima kitu.

Na kuna suala la bumu, yaani pesa ya mkopo ya mwanafunzi. Mwanafunzi ukimuuliza siku ya kawaida anakunywaje, anakushangaa. Wiki bumu likiingia ni bia na nyama choma. Likikata, ni ulanzi wa kuchangiana au hakuna kabisa. Nataka wiki zote mbili ziandikwe, kila moja peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni yule anayefikisha alama 20. Mwongozo wenyewe unasema huyo apelekwe kwa mtaalamu. Sisi tunamshukuru kwa ushirikiano, tunamwita anayefuata. Kabla hatujaingia chuo kingine chochote, naomba tuwe na mshauri aliyekubali kuwapokea, na siku anazopatikana.