Alasiri ya kwanza uani kwetu Majengo

Mgongo ndio ulionipeleka kwenye yoga. Nilikuwa fundi cherehani karibu na Biashara Street, Mombasa, na msimu wa Idi ukifika nilikuwa nainuka kitini nimejikunja kama ndoana. Mteja wangu mmoja, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, aliniona nikijishika kiuno. Akaniambia, "Njoo kwangu jioni, uje na leso mbili."

Yeye alikuwa amejifunza mtindo wa B.K.S. Iyengar, yule mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyezaliwa 1918 na kukua akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Iyengar aliwafundisha watu kwa kamba, vipande vya mbao, mablanketi na viti, ili mwili usioweza ufike pole pole. Mimi naamini ni ule ugonjwa wake uliomfundisha hayo. Aliyezaliwa na afya tele asingekumbuka kiti.

Baada ya miaka kadhaa bibi akaniambia sasa ni zamu yangu. Basi alasiri moja ya 2018, tulipokwisha kuswali, nikatandika mikeka uani kwetu Majengo. Wakaja majirani: wasusi, muuza samaki wa kukaanga, na bi mkubwa mmoja ambaye mtaa mzima unakula mahamri yake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, lakini hakuketi. Akauliza lililokuwa moyoni mwa wote:

"Mwanangu, hii si ibada ya Kihindi?"

Nilifurahi kwamba ameliuliza mbele ya watu. Nikamjibu kwamba yoga imetoka India, na huko wengi wameifungamanisha na dini yao, hilo silifichi. Hapa uani hatutaimba wala kuinamia sanamu. Tutanyoosha viungo na kuvuta pumzi. Nikamwambia kwamba mwaka uliopita, 2017, Saudi Arabia nayo iliikubali yoga kuwa mchezo. Akanikazia macho kidogo, kisha akavua viatu. "Haya, bismillahi."

Hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na ukanda wa ndala ulikuwa umeacha alama ndani ya nyama. Ni miguu ya mtu anayesimama mbele ya karai la mafuta tangu kabla ya alfajiri. Nikamuuliza dawa anazomeza, akasema za presha, na kwamba hawezi kupiga magoti hata kwenye swala, anaswali kitini. Kumwambia mtu huyo akae mkekani ni kumfukuza.

Nikawaomba wasusi wanisaidie kuburuta kitanda cha kamba hadi ukutani. Tukamlaza chali, kichwa juu ya mto, kisha nikampandisha miguu juu ya mito iliyopangana, si juu sana kwa ajili ya presha. Nyuma ya kila goti nikaweka leso iliyokunjwa. Nikamwambia asifanye chochote ila kutoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Wengine niliwaweka ukutani, viganja vimeegemea, wakirudisha makalio nyuma mpaka mgongo unyooke. Msusi mmoja alitoa sauti, kwani bega lake lilikuwa halijainuliwa hivyo tangu sijui lini. Watu wanaonyoosha mikono mbele kutwa nzima hukaza kifua, na kifua kikikaza hata pumzi huwa fupi. Kwa hiyo mpaka leo swali langu la kwanza kwa mwanafunzi ni kazi anayofanya. Mkao wa kupendeza kwenye picha haunishughulishi.

Bi mkubwa tulimwinua kwa hatua: kwanza ubavu, kisha akakaa, akasubiri kizunguzungu kisimpate, ndipo akasimama. Akatembea hadi mlangoni na kurudi. "Imepungua uzito," akasema, akiitazama miguu. Kisha akaniagiza kitanda hicho kisiondolewe.

Wiki iliyofuata alikuja na mdogo wake mwenye kisukari. Nilimwomba afumbe macho, nikamgusa vidole vya miguu kimoja kimoja, nikimuuliza ni kipi. Vya mguu wa kushoto hakuvijua hata kimoja, na chini ya unyayo palikuwa na kidonda ambacho hakuwahi kukihisi. Siku hiyo hakufanya yoga. Nilifunga uani mapema, tukapanda tuktuk wote watatu kwenda hospitali.