Siku moja maishani mwangu: kupandisha watu Kilimanjaro na kuwarudisha kabla ya giza

Goti langu la kushoto huamka kabla yangu. Jumamosi iliyopita lilianza kunisumbua saa 10 na nusu alfajiri, nikajua huko juu kuna unyevu. Zamani nilikuwa mwongozaji wa kileleni. Nimefika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Kisha goti likagoma kwenye mteremko, na tangu hapo nabeba wageni wa siku moja tu: asubuhi tunaingia geti la Marangu, mchana tunafika Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda, jioni tunarudi. Wenzangu wa kileleni wamenipa cheo. Wananiita mwalimu wa chekechea.

Sikasiriki. Ila nawaambia kila siku, mgeni wa siku sita amejiandaa miezi mingi, amenunua buti, amesoma, anaogopa kidogo. Mgeni wangu ameamua jana usiku.

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshakunywa chai na kufunga begi: boksi la huduma ya kwanza, makoti mawili ya mvua, maji, glukosi, plasta za malengelenge, tochi tatu. Moja yangu, moja ya akiba. Ya tatu ni ya yule atakayeniambia hakuona sababu ya kubeba tochi mchana. Huyo hakosekani.

Saa 2 kamili nipo getini. Hapa ni karibu mita 1,900, baridi ya asubuhi inapenya koti, na wagumu, yaani wapagazi wa mlima, walikuwa kwenye foleni ya mizani. Kila mzigo unapimwa, mwisho kilo 20. Tukasalimiana, wakanitania kuhusu chekechea, nikawatania kuhusu ugali wa moshi wanaokwenda kula. Hawa vijana ndio mlima. Sisi wa Marangu tunakua tukisikia habari za Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapa hapa anayekumbukwa kwamba aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, mwaka 1889, lakini mimi nikimwona mgumu anapanda na gesi mabegani huku anapiga mluzi, ndipo ninapoelewa historia hiyo ilikuwaje.

Wageni wangu walitakiwa kufika saa 2 na nusu kutoka Moshi. Saa 3, hawapo. Saa 3 na nusu dereva hapokei simu. Saa 4 kasoro robo gari likaingia. Walikuwa wamesimama njiani kununua ndizi na kupiga picha za mlima ambao, kwa kuwa mawingu yalikwishatanda, haukuonekana.

Watatu: baba wa miaka hamsini na kitu kutoka Dar, mkewe, na binti yao wa kidato cha pili. Baba alivaa raba nyeupe, nyeupe kabisa, za siku ya kwanza. Akanipa mkono kwa nguvu.

"Kiongozi! Leo tunashika theluji."

Nikamtazama dereva. Dereva akatazama matairi.

"Mzee, karibuni sana. Leo tunafika Mandara. Pale ni msituni bado. Theluji iko mbali sana na pale."

"Tutaona tukifika," akasema, akafungua buti la gari na kutoa katoni nzima ya maji ya chupa ndogo.

Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Nilimweleza, askari wa getini akamweleza, kisha mkewe akamweleza, na ni huyo wa tatu pekee aliyesikilizwa. Tukaanza kumimina maji kwenye chupa zangu za akiba na za dereva, mmoja mmoja, kama watu wanaouza mafuta ya taa. Kitabu cha wageni, vibali, choo, picha mbele ya kibao, choo tena. Tukaanza kutembea saa 4 na dakika 35.

Hesabu yangu huwa ni hii: kilomita 8 kupanda, saa tatu kwa mwendo wa kawaida, nne kwa raba nyeupe. Kushuka mbili, au tatu. Hata niihesabu vipi, jua lilikuwa limeshakula faida yetu yote.

Msitu wa Marangu siwezi kuuchoka, ingawa sitausimulia sana. Miti imefunikwa kuvu na ndevu za kijani zinazoning'inia, maji yanapita chini ya vidaraja, na njia imechongwa vizuri kiasi kwamba watu hudhani mlima ni mrahisi. Nikawaonyesha mbega juu ya mti, mkia mweupe umening'inia kama pazia. Binti akauliza kwa nini mbega hana kidole gumba. Sijawahi kuulizwa hilo na mtu mzima. Watu wazima huuliza kama anauma. Nikamwonyesha pia lile ua dogo jekundu na njano lenye umbo la mkonga wa tembo, ambalo halioti popote duniani isipokuwa mlima huu. Akalipiga picha, akaandika jina lake la kisayansi kwenye simu nilipomtajia: Impatiens kilimanjari. Mama alitembea kimya, hatua fupi fupi, kama nilivyomfundisha.

Baba alitangulia.

Kila kona nilimkuta amesimama, mikono kiunoni, anapumua kama mtu aliyekimbizwa. "Mzee, pole pole." "Niko vizuri, kiongozi." Kisha huyo, mbele tena. Nilimwacha aongee. Aliongea kuhusu kiwanja chake, kuhusu bosi wake, kuhusu rafiki yake aliyefika Uhuru na hasemi kingine tangu hapo. Mimi sipimi mgeni kwa mwendo. Nampima kwa maneno: anayeongea bado ana hewa. Akinyamaza ndipo ninapoanza kugeuka nyuma.

Kisambioni, nusu ya njia, tulikula saa 6 na nusu. Dakika kumi na tano tu, nikawainua.

Mandara tuliingia saa 8 na robo. Vibanda vya mbao vya paa la pembetatu, kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanaovizia mabaki, kundi la wageni wa kileleni wanakunywa chai wakiwa na nyuso za watu ambao bado hawajaambiwa ukweli. Na ukungu. Hata choo hukukiona mpaka ukikaribie.

Baba akasimama katikati ya uwanja, akazunguka duara zima.

"Kibo iko wapi?"

Nikanyoosha mkono kwenye ukungu, upande wa kilele. "Kule."

"Kule wapi?"

"Kule kule, mzee. Imefunikwa."

"Sasa tusonge mpaka tutoke kwenye mawingu. Kituo kinachofuata ni kipi?"

Hapo ndipo kazi yangu huanza. Nikamwambia kituo kinachofuata ni Horombo, mita 3,720, mita 1,000 kamili juu ya hapo tulipo, zaidi ya kilomita 10 mbele, na hata Horombo hakuna theluji ya kushika. Akasema twende tu nusu. Nikamwambia nusu ya Horombo ni vichaka vyenye ukungu huu huu. Akasema nimelipa. Nikamwambia ulicholipia ni kibali cha siku moja. Akanivuta pembeni kwa upole kabisa, mkono begani.

"Kaka, mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nitakuongezea kitu. Saa moja tu mbele, nipate picha moja ya nyeupe, tugeuke. Nani atajua?"

Nitasema ukweli, kitu hicho ningekihitaji. Januari ada za shule hazina huruma. Lakini nimewahi kushusha mtu usiku kwenye mvua kwa sababu ya saa moja tu mbele, si mgeni wangu, wa mwenzangu, na tulimbeba watu sita kwa zamu. Kumpeleka mtu juu anaweza yeyote mwenye miguu. Mimi ninalipwa kwa sababu ninaweza kumwambia mtu aliyenizidi umri, cheo na fedha kwamba hapa ndio mwisho, na akageuka bila kunichukia sana.

"Mzee," nikamwambia, "mke wako akiumia goti saa 1 usiku mle msituni, utamweleza nini? Kwamba ulitaka picha?"

Alinyamaza. Si kwa kukosa hewa, kwa hasira. Mkewe, aliyekuwa akimenya yai meza ya pili na akisikia kila neno, akasema bila kuinua kichwa: "Baba fulani, kaa ule." Akakaa.

Nikawapa kitu kidogo badala yake, kwani Maundi ni mwendo wa dakika kumi na tano tu kutoka vibandani. Ni kreta ya kale, bakuli la nyasi ambalo watu wengi hulipita bila kujua wanakanyaga nini. Siku ya uwazi unaiona Kibo na Mawenzi, na upande wa pili nchi ya Kenya imelala chini kama mkeka. Siku hii tuliona nyasi. Baba alipiga picha ya nyasi, akanionyesha kama ushahidi mahakamani.

Lakini binti alisimama kwenye ukingo akauliza, "Kwa hiyo moto ulitokea hapa hapa?" Nikamwambia ndiyo. Mlima wote huu ni volkano tatu zilizopandana, Shira, Mawenzi na Kibo, kisha ubavuni zikachomoza ndogo ndogo kama hii, moto unapotafuta mlango mwingine wa kutokea. Shira na Mawenzi zimekufa. Kibo imelala tu, ndani ya kreta yake bado kuna mahali panapofuka mvuke na kunuka kiberiti. Na udongo unaolisha migomba yote mliyopita leo asubuhi ulitoka humo. Akachuchumaa akashika udongo, akaunusa. Nilitamani kukaa naye hapo nusu saa.

Saa 9 na dakika 20. Tukageuka, na kuanzia hapo saa yangu niliacha kuitazama kwa sababu ilikuwa inaniudhi.

Raba nyeupe zina soli laini kama kisigino cha mtoto. Kwenye kupanda hazisemi kitu. Kwenye kushuka kidole gumba kinagonga mbele kila hatua, na hatua ni maelfu. Kabla ya Kisambioni baba alishaacha kuongea. Nikageuka. Alikuwa anashuka ubavu ubavu kama kaa, anashika kila tawi. Nikamkalisha, nikavua raba: kucha mbili nyeusi, malengelenge matatu, moja limepasuka. Nikabandika plasta, nikakaza kamba ili mguu usiteleze mbele, nikampa fimbo zangu zote mbili. Begi lake nikalivaa kifuani, langu mgongoni. Ndani ya begi lake kulikuwa na kitu kizito. Baadaye niligundua ni tripodi.

Kisha mvua. Si kubwa, ile ya msituni isiyoisha, inayokusanyika kwenye majani ndipo ikumwagikie shingoni. Mizizi ikawa sabuni. Mama akashika koti langu kwa nyuma, binti akashika mkoba wa mama, baba akawa wa mwisho, nikawa napiga hatua tano nasimama, tano nasimama. Goti langu bila fimbo lilikuwa linaniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kila hatua ya mguu wa kushoto nilikuwa nauliza kama inawezekana kushuka mlima kwa mguu mmoja. Wageni hawatakiwi kujua. Nikawa naimba. Ukisikia mwongozaji anaimba kwenye mteremko, usidhani ana furaha.

Giza la msituni huanza mapema kuliko la nje. Nikagawa tochi. Baba alipopokea ya tatu alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ulijua."

"Kila siku najua, mzee."

Tulitoka getini saa 1 kasoro kidogo. Askari alikuwa ameshanipigia simu mara mbili. Nikasaini kitabu, majina matatu, watu watatu. Mstari huo hakuna anayeupiga picha, lakini mimi kila jioni nauangalia kwanza ndipo nafunga kalamu.

Baba alikaa kwenye ngazi, miguu nje ya raba ambazo sasa zilikuwa na rangi ya ugoro. Akafikiri kidogo.

"Kiongozi, na cheti changu?"

Nikamweleza kwamba cheti ni cha waliofika ukingo wa kreta ya Kibo, Gilman's Point kwenda juu. Mandara haina cheti. Alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kucheka, mkewe akacheka, hata dereva aliyetusubiri siku nzima akacheka. Akanipa mkono, safari hii bila nguvu, na ndani ya mkono kulikuwa na noti kadhaa. Binti aliniuliza kama mwakani wanaweza kulala Horombo. Nikamwambia aje na baba mwenye buti.

Nyumbani nilifika saa 2 na nusu usiku. Maji ya moto, chumvi, mguu ndani ya beseni, nimekaa barazani kwa sababu ndani sikuweza kuinama. Mvua ilikuwa imekatika. Mke wangu akaniletea chakula, akatazama juu ya migomba, akasema, "Ona."

Mawingu yote yameondoka. Mwezi umepiga, na Kibo imekaa pale nyeupe mzima, karibu kiasi kwamba ungedhani ukitupa jiwe utaigonga. Nikatoa simu nimpigie picha yule mzee. Ilitoka nyeusi tupu, na alama ndogo nyeupe katikati kama punje ya mchele. Nikamtumia hivyo hivyo.