Kijana wa turubai anataka u-MCA

Jana baada ya magharibi nimemkuta maskani, kaketi mwisho wa benchi karibu na birika la kahawa, karatasi mapajani, nikajua basi, yale maneno yalokuwa yakizunguka mtaani ni kweli. Anagombea. MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wadi yetu ya Timbwani hapa Mombasa, tena mgombea huru, hana chama.

Msomjua niwaambie. Huyu kazaliwa 1994, mwaka ule feri ya Mtongwe ilozama, na tangu yuko sekondari ukisikia kuna msiba hapa Likoni kwetu hata kama ni saa tisa ya usiku yeye ashafika na jembe. Turubai la mtaa linakaa kwao, limefungwa kamba nyuma ya mlango wa uani, na viti vya plastiki kila kimoja kakiandika namba kwa rangi nyekundu, maana watu wa hapa kuazima twajua, kurudisha ndio kazi. Babangu alipofariki mimi hata sikumpigia simu. Nimefungua mlango tu namuona, swali la kwanza, "Maji ya kuoshea yapo?" Hayakuwepo, mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Akaondoka, akarudi anasukuma mkokoteni wa mitungi kumi na mbili mwenyewe, na pesa akakataa. Hiyo sitaisahau.

Sasa kugombea bila chama si mchezo jamani. Katiba kifungu cha 193 kinataka sahihi za wapiga kura 500 walojiandikisha kwenye wadi hiyo hiyo, na kanuni za uchaguzi zataka hao watu wasiwe wanachama wa chama chochote. Mwakumbuka 2021 watu walivyoingia kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, wakajikuta wameandikishwa vyama ambavyo hata ofisi zake hawazijui? Jana mzee mmoja ashatia sahihi yake vizuri, akaambiwa lete kitambulisho mzee wangu tuangalie, loo, yumo chamani! Akaapa wallahi hajawahi kuchukua kadi ya mtu, akaanza kugomba, kahawa ikapoa, na jina likakatwa.

Lakini mimi pia sitaki kuwa mtu wa kupiga makofi tu. Kazi ya MCA sio maziko. Ni kutunga sheria za kaunti na kuchunga serikali ya gavana inavyotumia pesa, ingawa sisi wenyewe ndio twawaharibu, kila siku mheshimiwa basari, mheshimiwa jeneza, mheshimiwa basi la harusi. Kwa hivyo nikamuuliza mbele za watu, bajeti ya kaunti umewahi kuisoma wewe? Akakuna kichwa. "Kaka, nimeisoma nusu. Hiyo nusu ingine nimeisoma pia lakini sikuielewa." Watu wakacheka. Mimi nikampenda zaidi, ingawa jibu lenyewe halitoshi na nimemwambia, una muda mpaka Agosti 10, 2027, tafuta mtu akufundishe.

Nikaangalia simu yangu, simo chama chochote, nikatia sahihi. Kura tutaongea baadaye. Nimenyanyuka naenda zangu nasikia ananiita, nikajua ashanipata.

"Kaka, na kile kiti namba 41?"

Kiko kwangu tangu Idi.