Ndoto ni ya nani?

Huku kwetu Tabora mtu akimuota babu yake marehemu anaomba maji, hakai nayo kifuani. Chai hajanywa keshampigia shangazi, shangazi kampigia baba mkubwa kule Sikonge, ikifika saa nne ukoo mzima unajua na kuna mtu keshauliza kaburi lilipaliliwa lini, na wewe ulieota hakuna hata anaekuuliza unajisikiaje. We mjumbe tu.

Freud, yule daktari wa mambo ya akili wa Vienna, kwenye kitabu chake cha ndoto cha 1900 anasema ndoto ni matamanio yako mwenyewe uliyoyafukia. Sawa, kwa mtu wa Vienna anaelala kwenye kochi la daktari na kulipia labda ndo ilivyo, ila nikamwambie shangazi babu ni matamanio yangu? Ataniitia shehe.

Jung, daktari mwenzake wa Uswisi, alisogea kidogo, yeye alisema ndani ya nafsi, chini ya mambo yako binafsi, kuna tabaka jingine ambalo ni la watu wote. Na 1925 akaja Afrika Mashariki, akapiga kambi mlima Elgon, akawa anapiga stori na wazee kwa Kiswahili cha kushikilia kamusi (hapo nilimpenda). Akamuuliza mganga mmoja mzee kuhusu ndoto zake. Mzee machozi yakamlenga, akasema zamani waganga walikuwa wanaota wanajua kama kuna vita, ugonjwa, mvua, ng'ombe wapelekwe wapi, ila tangu wazungu waje hakuna anaeota tena, maana Waingereza wanajua kila kitu.

Yani DC wa mkoloni kachukua mpaka kazi ya ndoto!

Mi naona yule mzee hakuishiwa ndoto, aliishiwa watu wa kuzisubiri. Ndani kabisa tunaota kile ambacho waliotuzunguka wana pa kukipokea, ndo maana nikisikia mtu anajichambua peke yake chumbani eti ajue nafsi yake huwa nacheka kidogo, maana nusu ya hiyo nafsi iko kwa mashangazi.

Binamu yangu yuko Dar, miaka yote hajawahi kumuota babu. Kaja msibani, kalala mkekani sebuleni na sisi wengine, stori za marehemu mpaka usiku wa manane, babu huyo kamtokea na kanzu yake na kikohozi chake kilekile. Saizi karudi Dar anasema kimya tena, anaota mtihani wa hesabu wa kidato cha nne tu, na mvi keshaanza kuota.