Siku moja maishani mwangu: dikoda isiyolalamika

Saa 2:00 asubuhi, Ntinda, Kampala. Kabla ya chai, betri ya UPS. FPGA, chipu tunayoipanga saketi zake wenyewe, ikizimika katikati ya kipimo, hesabu inaanza upya. Mezani kuna kipokezi cha 1000BASE-X, Ethernet ya gigabiti: 1.25 Gb/s kwenye jozi moja ya nyaya, kila biti pikosekunde 800. Data halisi ni 1 Gb/s. Kinachozidi ni gharama ya 8b/10b, mpango wa Widmer na Franaszek wa IBM, 1983: baiti ya biti 8 husafiri kama neno la biti 10, moja na sifuri zikikaribiana kwa idadi na zisifuatane zaidi ya tano za aina moja. Bila hivyo kapasita za 100 nF zilizo njiani zingeyumbisha ishara, na saketi ya kurejesha saa, yaani mdundo wa kusomea biti, ingekosa mabadiliko ya kushika.

Saa 3:30. Mpaka wa maneno. Biti zinamiminika bila nafasi kati yake, kwa hiyo tunatafuta koma, mfuatano unaoonyesha neno linapoanza: 0011111 au kinyume chake, vyote vimo katika maumbo mawili ya K28.5 (majina ya K ni maneno ya udhibiti, ya D ni ya data). Usihame kwa koma moja. Biti moja iliyoharibika inaweza kuunda koma ya uongo na kuvuruga kila kinachofuata. Mimi husubiri tatu mahali pamoja. Baada ya hapo dikoda hurudisha kila neno kuwa baiti, na majedwali mawili madogo yanatosha: biti 6 kwenda 5, biti 4 kwenda 3.

Saa 5:00. Hapa ndipo asubuhi ilipoishia. Maneno batili: sifuri. Makosa ya urari, yaani usawa wa moja na sifuri neno hadi neno: sifuri. Kijana wa mafunzo akatabasamu, "Mkubwa, iko safi!" Safi gani, wakati kila fremu, yaani kifurushi cha data, inafeli CRC, hesabu ya kukagua data? Mwanzo wa fremu unaonekana, mwisho unaonekana, katikati takataka.

Tukaangalia laini ikiwa haina fremu. Ilipaswa kusoma, kwa heksadesimali, BC 50, yaani K28.5 na D16.2, jozi ya kujaza nafasi. Ilisoma BC B0. Tukaandika biti kwenye karatasi: D16.2 ilitumwa kama 100100 0101. Igeuze yote: 011011 1010. Hiyo ni D16.5, neno halali kabisa. Waya chanya na hasi zilipishana kwenye bodi, kosa la mchoro wetu wenyewe.

Dikoda hainung'uniki kwa sababu kila neno halali likigeuzwa hutoa neno halali, na urari unageuka pamoja nalo. K28.5 ikigeuzwa ni K28.5 ile ile katika umbo lake la pili, ndiyo maana koma ilishika vizuri. PCI Express ya vizazi viwili vya mwanzo inajua mtego huu: kipokezi kinachongoja D10.2 kikiona D21.5 hugeuza biti chenyewe. Sisi tuliweka XOR, kigeuza biti, kwenye biti 10 kabla ya dikoda, na biti moja ya rejista ya kuiwasha. Bodi haikuguswa.

Saa 7:30. Matoke na mchuzi wa karanga.

Saa 8:15 mchana. Kipimo cha makosa. Kudai kosa lisilozidi moja kwa biti trilioni, kwa uhakika wa asilimia 95, kunataka biti trilioni 3 bila kosa hata moja. Kwa kasi hii ni dakika 40. Dakika ya 31 umeme ukakatika. FPGA ilibaki hai, lakini kitoa ishara kilikuwa kimechomekwa ukutani. Tukaanza tena.

Saa 10:30. Bafa, hifadhi ya muda kati ya mdundo wa saa ya mtumaji na ule wa kwetu. Kila upande unaruhusiwa kukosea sehemu 100 kwa milioni, kwa hiyo kwa hali mbaya kabisa wanaachana neno moja kila maneno 5,000. Fremu ya baiti 1,518 inapita kabla hawajaachana hata neno moja. Marekebisho, kama kufuta jozi za kujaza, yanangoja nafasi kati ya fremu. Futa jozi nzima ya K28.5 na D16.2, kamwe si nusu, na uiache ile ya D5.6 inayofuata fremu, kwani ndiyo inayopindua urari. Bafa yetu iko kabla ya dikoda. Kijana alipofuta D5.6 kwa majaribio, dikoda iliyonyamaza asubuhi yote ikaanza kupiga kelele.